Kasongo: Nani anapima mabingwa wa biliadi?

KASONGO, MANIEMA. Jumamosi jioni, jenereta zikishawashwa, mji wa Kasongo unakuwa na mabingwa wa biliadi wengi kuliko meza zenyewe. Kila nganda lina wake. Kila avenyu ina wake. Wamotari wana bingwa wao, walimu wana wao, na wachimbaji wanaotoka upande wa Salamabila, kule Kabambare, wanafika na wao, pesa ikiwa mfukoni. Ukiuliza bingwa huyo alimshinda nani, mara ngapi, kwenye meza gani na mwaka gani, jibu ni moja tu: "Watu wote wanajua."

Watu wote hawajui, na ni lazima hilo lisemwe wazi, hata kama wenye meza watakasirika. Katika Kasongo yote na Kabambare yote, biliadi inachezwa kila siku isipokuwa siku za msiba mkubwa, lakini hakuna anayeandika matokeo. Mpira wa miguu una ligi, una mwamuzi, una karatasi ya mechi yenye majina na sahihi. Biliadi ina kelele. Anayeshangiliwa kwa nguvu zaidi ndiye bingwa mpaka usiku mwingine, na kesho yake mtu mwingine anashangiliwa.

Kuna wanaosema hili ni jambo dogo, kwamba ni mchezo wa kupitisha saa tu. Wangesema hivyo mbele ya kijana aliyekaa wiki tatu ndani ya shimo la dhahabu, akachota maji na mchanga, akalala kwenye hema la plastiki, kisha akashuka Kasongo kununua bati za mama yake, na kabla jogoo hajawika bati zote zimebaki juu ya meza ya kitambaa kijani. Aliyemshinda alimwambia tangu mwanzo kwamba hajui kucheza. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo.

Ujanja huo ni wa zamani na unajulikana kila mahali, kutoka Kindu mpaka Kalemie. Mjanja anaingia na fimbo amezishika vibaya makusudi. Anapaka chaki kidogo sana. Anakosa mpira ambao hata mtoto angeutia. Anamwita mgeni kwa heshima: "Yaya, mimi bado najifunza, unisaidie tu na mchezo mmoja." Wanacheza wa kwanza kwa chupa ya bia, mgeni anashinda. Wa pili kwa franka kidogo, mgeni anashinda tena. Wa tatu pesa inapanda, na mjanja anashinda kwa taabu, mpira mweusi ukiingia kama kwa bahati. Wa nne pesa inapanda zaidi. Ikifika saa sita ya usiku, yule aliyekuwa anajifunza anasafisha meza bila kuketi, na wale waliokaa kwenye viti vya plastiki wanacheka, kwa sababu wao walijua tangu saa mbili. Hakuna aliyemwambia mgeni. Wengine wana fungu lao.

Mashekhe wa mji huu wanalaumu kamari, mapadri na wachungaji pia, na wana haki. Lakini lawama zao zinapiga meza, wakati ubaya uko mahali pengine. Meza ya biliadi ni ubao, jiwe, kitambaa na mipira 16. Kamari ya aina hii inakula pale tu ambapo uwezo wa mtu haujulikani. Kama kila mtu mlangoni angesoma kwenye karatasi kwamba fulani ni wa kiwango cha juu na fulani ni wa kiwango cha chini, ujanja wa "bado najifunza" ungekufa jioni ileile. Nani angeweka pesa ya bati zake dhidi ya mtu ambaye ukuta wenyewe unasema ni mkali?

Wenzetu wa nje wamekwisha kukutana na tatizo hili, na hawakulimaliza kwa mahubiri. Walilimaliza kwa hesabu.

Aliyefungua njia hakuwa hata mchezaji wa biliadi. Arpad Elo alizaliwa Hungary mwaka 1903, akakulia Marekani, akawa mwalimu wa fizikia katika mji wa Milwaukee. Alipenda chesi. Alichoshwa na namna wachezaji wa chesi walivyopewa sifa, akatengeneza njia ya kuwapa namba: ukimshinda mtu mwenye namba kubwa kuliko yako, unapanda sana, ukimshinda mnyonge, unapanda kidogo sana, ukifungwa na mnyonge, unaporomoka. Shirikisho la chesi la dunia liliichukua njia hiyo mwaka 1970, na mpaka leo namba ya kila mchezaji wa chesi mwenye jina inaitwa kwa jina lake, Elo. Hakuna kelele ya nganda inayoweza kuongeza hata pointi moja.

Biliadi ya mashimo ilichelewa, lakini ilifika. Katika mji wa Fargo, jimbo la North Dakota, mwalimu wa kemia wa chuo kikuu anayeitwa Mike Page aliunda mfumo unaochukua matokeo ya michezo ya watu wengi sana na kuwaweka wote kwenye ngazi moja, mwanafunzi wa juzi na bingwa wa dunia pamoja. Kanuni yake inaweza kufundishwa kwa mtoto wa sekondari. Tofauti ya pointi 100 kati ya wachezaji wawili maana yake mwenye nguvu atashinda michezo miwili kila mwenzake akishinda mmoja. Tofauti ikiwa 200, ni minne kwa mmoja. Ikiwa 300, ni minane kwa mmoja. Wakali wa dunia wanapita 800. Na jambo la maana kuliko yote: mfumo huo hauiamini namba ya mtu kikamilifu mpaka awe na michezo 200 iliyoandikwa.

Michezo 200! Kasongo inatoa ubingwa kwa mitatu.

Hesabu hii ifuatwe mpaka mwisho, kwa sababu inaumiza. Chukua wachezaji wawili, mmoja ana nguvu mara mbili ya mwenzake, yaani anashinda michezo miwili kati ya mitatu. Watu wote makini wangekubali kwamba huyu ndiye bora. Sasa wape mechi ya nganda, anayetangulia kushinda mitatu ndiye bingwa. Yule dhaifu atashinda mechi hiyo karibu mara 21 kwa kila 100. Mara moja kati ya tano! Na wakicheza mchezo mmoja tu, kama inavyofanyika mara nyingi watu wanapokuwa wengi kwenye foleni, dhaifu anashinda mara moja kati ya tatu. Usiku huo mmoja ndio unaosimuliwa mwezi mzima. Zile nyingine nne zinasahauliwa, kwa kuwa hazina utamu wa kusimulia. Hivi ndivyo bingwa wa mtaa anavyozaliwa, na baada ya hapo anaweza kukataa kucheza tena na yule aliyemshinda, akisema, "Mimi nilishamaliza naye."

Haina maana kwamba mtu huyo ni mwongo. Alishinda kweli. Ila usiku mmoja hauwezi kubeba cheo anachokibeba.

Wamarekani wa ligi za kawaida, watu wa kazi wanaocheza baada ya saa za kazi, wana njia nyingine ambayo inafaa kutazamwa vizuri, kwani inagusa ule ujanja wa kujifanya dhaifu. Chama chao kikubwa, American Poolplayers Association, kilianza mwaka 1979. Katika mchezo wa mpira namba 8, kila mtu anapewa kiwango kuanzia 2 mpaka 7. Wa 7 akikutana na wa 2, wa 7 anatakiwa kushinda michezo 7 kabla wa 2 hajashinda 2. Basi mechi inakuwa na jasho pande zote mbili, na mnyonge hana sababu ya kukimbia. Katika ekipe ya wachezaji watano, viwango vyao vikijumlishwa havipaswi kupita 23, ili tajiri mmoja asikusanye wakali wote upande wake.

Halafu wanaandika. Hawaandiki nani ameshinda tu. Wanahesabu mchezaji alirudi mezani mara ngapi kabla ya kumaliza, na wanaweka alama kila anapopiga bila nia ya kutia mpira, kwa kujilinda au kwa kujificha. Mtu anayekosa makusudi ili abaki kiwango cha chini anaonekana kwenye karatasi: ameshinda michezo mingi, lakini kila mara anakosa mipira ya mdomoni mwa shimo kisha anatia ile migumu. Karatasi haicheki naye, wala haina fungu.

Wabelgiji nao, waliotawala Congo mpaka 1960, wana biliadi yao ya tangu zamani isiyo na mashimo, ya mipira mitatu, na huko hakuna mtu anayejitangaza. Unahesabu pointi ulizopata, unagawanya kwa idadi ya zamu zako, basi. Aliyepata pointi 30 kwa zamu 60 ana wastani wa nusu. Raymond Ceulemans, aliyezaliwa mji wa Lier mwaka 1937 na kuwa bingwa wa dunia mara nyingi kuliko inavyokumbukwa, sifa yake haikutegemea wapiga makofi. Wastani wake ulikuwa umeandikwa, na yeyote mwenye kalamu angeweza kuugawanya upya. Ni ajabu kidogo kwamba wakoloni waliacha Congo karatasi za kila aina, karatasi ya kodi, karatasi ya safari, karatasi ya kuzaliwa, lakini hii ndogo yenye haki hawakuiacha.

Turudi Kasongo. Kipimo kinawezekana vipi hapa, ambapo umeme ni wa jenereta na barabara ya Kindu mvua ikinyesha inakuwa mto?

Kinawezekana kesho asubuhi. Kuna mtihani unaohitaji meza, mtu mmoja anayecheza, na mwingine mwenye kalamu. Mipira 15 inapasuliwa. Mchezaji anauweka mpira mweupe anapotaka, kisha anaanza kutia, mpira wowote, shimo lolote. Akikosa, zamu imekwisha. Idadi ya mipira aliyotia inaandikwa. Mipira inapangwa upya. Mara kumi. Alama ya juu kabisa ni 150. Mmarekani Allen Hopkins, aliyekuwa bingwa mkubwa, alieneza mtihani wa namna hiyo wenye zamu kumi, ingawa wake una nyongeza: mipira mitano ya mwisho inatiwa kwa kufuata namba na kila mmoja unahesabiwa mara mbili, hivyo jumla yake ni 200. Kasongo inaweza kuanza na ule mwepesi. Anayetia miwili au mitatu kila zamu atatoka na 20 au 30, na hakuna aibu, ni mwanafunzi. Atakayepita 100 hana haja ya kupigiwa makofi.

Wengine wanajipima na mzimu. Mtu anacheza peke yake dhidi ya mpinzani asiyeonekana ambaye hakosi kamwe: anapasua mipira tisa, anauchukua mpira mweupe mkononi, na lazima atie yote kwa kufuata namba. Akikosa hata mmoja, mzimu umeshinda mchezo huo. Wazee wa hapa wakisikia neno hilo watataka maelezo marefu, lakini mzimu huyu hadai kuku.

Hapa lazima iingizwe hoja ya wale wanaopinga, kwa kuwa ina uzito. Wanasema meza za hapa si sawa. Ni kweli tupu. Kuna meza katika mji huu ambayo kila mpira unaopigwa polepole unaelekea kona ya mlango, kama ng'ombe anayejua nyumbani. Kuna yenye kitambaa kilichoshonwa kwa uzi wa viatu. Kuna iliyo chini ya paa linalovuja, na miezi ya mvua kitambaa kinanywa maji mpaka mpira unakwenda kama umebeba mzigo. Mtu mwenye 60 kwenye meza mbaya anaweza kuwa mkali kuliko mwenye 80 kwenye meza nzuri. Basi mtihani wa peke yako una mpaka wake: unalinganisha watu waliofanya kwenye meza moja, msimu mmoja, na hauwezi kwenda mbali zaidi. Matokeo ya michezo ya wawili hayana udhaifu huo, maana kona ya mlango inamvuta kila mmoja sawasawa. Ndiyo sababu mambo yote mawili yanahitajika. Mtihani unampa mtu namba ya kuanzia siku anayofika, na daftari la michezo linaisahihisha namba hiyo kadiri miezi inavyopita. Mtu anayecheza michezo kumi kwa wiki anafikisha ile 200 ndani ya miezi mitano. Kuna vijana hapa wanaocheza kumi kwa siku.

Na mwenye kukosa makusudi siku ya mtihani? Atapata namba ndogo, sawa. Halafu ataanza kushinda watu wa namba kubwa, na daftari litampandisha kwa nguvu. Anaweza kujificha wiki mbili. Hawezi kujificha michezo 200 bila kupoteza pesa nyingi kuliko atakayokula.

Hoja nyingine ni ya woga wa Leta. Wenye meza wanasema wakianza kuandika, kesho atakuja mtu na kofia na kitabu cha risiti kudai kodi ya daftari. Nani anayeishi Congo atasema woga huo hauna msingi? Lakini meza tayari inaonekana barabarani, na anayetaka kutoza anaihesabu kwa macho. Majina na ushindi wa vijana havimwongezei kitu. Tena daftari linaweza kumlinda mwenye meza mwenyewe: ugomvi ukizuka usiku juu ya nani alishinda, na ugomvi unazuka, kuna ukurasa wa kufungua kabla ya chupa kuvunjwa.

Kuna pia wanaosema biliadi ni mchezo wa wavivu, haistahili daftari wala mtihani. Hawa wako na wenzao mbali na Maniema. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, mchezo huu wanauita pool, na mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwakemea vijana wanaoucheza asubuhi wakati wenzao wako shambani. Huwezi kumlaumu kwa hilo; asubuhi ni ya jembe. Lakini Tanzania ileile ilikuwa na mashindano ya taifa ya pool yaliyodhaminiwa na bia ya Safari Lager, klabu zikianzia mikoani mpaka fainali, na magazeti yakaandika majina ya washindi kama yanavyoandika ya wanasoka. Uganda ina chama cha taifa na ligi ya klabu. Huko kijana akisema anacheza pool, anaulizwa klabu gani. Hapa anaulizwa kama ana kazi.

Jambo la klabu linafungua kidonda kingine. Kasongo ikitakiwa kutoa wachezaji wa kwenda kucheza mji mwingine, nani atachaguliwa? Bila namba, atachaguliwa mtoto wa mwenye meza, au yule mwenye motari ya kujisafirisha, au rafiki wa mwenye kutoa pesa ya mafuta. Mji utafungwa, na watasema Kasongo haina vipaji. Kumbe kipaji kilibaki nyuma, kinauza mafuta ya mawese pembeni ya soko.

Na wasichana? Hili linapitwa na wote, hata na wale wanaopenda mabadiliko. Msichana wa Kasongo anayecheza biliadi anatazamwa vibaya, na usiku kwenye nganda si mahali ambapo mzazi angependa aonekane. Kwa hiyo hachezi mechi za usiku, na kwa kuwa ubingwa unatolewa usiku tu, hawezi kuwa chochote. Lakini wapo wanaojua. Meza nyingi zinalindwa mchana na binti au dada wa mwenye meza: yeye ndiye anayepokea noti, maana nchi yetu haina sarafu za kutumbukiza kwenye tundu la mashine, yeye ndiye anayefungua mipira kwa ufunguo, na wateja wasipokuwepo anapiga peke yake. Amepiga saa nyingi kuliko wengi wanaojiita mabingwa. Mtihani wa zamu kumi unafanyika saa nane ya mchana, mlango wazi, mama yake akiwa ameketi pale. Namba yake itaandikwa katika karatasi ileile. Kuna wanaume wachache mjini ambao, kwa sababu hiyo tu, watapinga karatasi mpaka mwisho. Hawatasema sababu.

Inabaki swali la nani ashike kalamu, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Mwenye meza ana faida yake. Mnywaji ana rafiki yake. Mcheza kamari hata asitajwe. Chama cha vijana kinaweza kufaa, lakini vyama vya vijana hapa vinazaliwa na vinakufa kama uyoga, na kila kimoja kina rais wawili. Pendekezo la maana zaidi ni rahisi: washindani wawili waandike wenyewe, kila mmoja aweke sahihi, na ukurasa ubaki ukutani ambapo kila mtu anasoma. Uongo unahitaji watu wawili wakubaliane, na wawili waliotoka kugombana juu ya mpira mweusi ni vigumu kukubaliana uongo. Mtihani wa zamu kumi nao ufanywe mbele ya watu watatu, mmoja kutoka meza nyingine. Daftari la kila meza lipigwe picha kwa simu mwisho wa mwezi na litumwe kwa meza nyingine, ili mtu wa Kasongo akifika Kabambare namba yake iwe imemtangulia.

Meza tatu zikikubali, zinatosha kuanza. Hakuna haja ya kungoja gavana, wala mfadhili, wala fulana zenye nembo. Wenye meza wenyewe ndio waulizwe, mmoja mmoja, mbele ya wateja wao: mnaogopa nini karatasi? Atakayejibu kwamba wateja watapungua, aseme ni wateja gani. Anayekunywa bia yake na kucheza michezo miwili kabla ya kurudi nyumbani hatapungua. Anayekuja na pesa ya mgodi hatapungua pia, atacheza na mtu wa namba yake na kurudi Salamabila na bati zake. Atakayepungua ni yule anayeshika fimbo vibaya makusudi, na wenye meza wote mjini wanamjua kwa jina, kwa uso, na kwa kiti anachopenda kukalia, kile cha karibu na mlango, ambapo wageni wanaonekana kwanza.

Msimu wa mvua unarudi, na barabara zikikatika vijana wengi zaidi watakaa mjini wakingoja, pesa mfukoni, meza mbele yao. Daftari la kurasa mia na kalamu mbili vinapatikana kwenye kila ligablo.